Rundo la Kushoto

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Mkuu wa Chuo na wakufunzi wote. Madaktari na wauguzi wenzangu. Wazazi na walezi mliopendeza hivyo. Wahitimu wetu wa kozi ya usingizi. Ndugu wageni waalikwa: habari za mchana.

Nimepewa dakika saba za kuwaasa wahitimu na kuwaaga ninyi nyote, kwa kuwa Ijumaa nastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kulaza watu. Mnaniita Mama Hesabu. Kila ninayempa nusukaputi namwambia, "Haya, hesabu hadi kumi." Wengi huishia nne, na mzee mmoja mbishi alifika nane. Kumi hajafika mtu.

Sasa, wahitimu, swali lenu. Mwaka mzima mmenivizia kwenye korido: "Mama, hivi alama zina maana mtu akitafuta kazi?" Nami nilikuwa nawajibu, "Someni kwanza." Leo nawajibu kweli. Zina maana. Ukikosea hesabu ya dawa darasani unapata kalamu nyekundu. Ukiikosea kwenye meza ya upasuaji, mtu haamki. Asiwadanganye mtu kwamba cheti ni karatasi tu. Lakini je, cheti kinasema yote? Hapo ndipo nina la kukiri.

Wiki tatu zilizopita niliketi ofisini na barua arobaini na moja za maombi ya kazi, na nafasi zenyewe ni mbili. Nilifanya nini? Niliangalia alama. Wenye A na B rundo la kulia, mwenye C popote pale rundo la kushoto. Dakika ishirini nikawa nimemaliza, nikatia saini orodha ya walioitwa kwenye usaili, nikajiona hodari.

Siku mbili baadaye tulikuwa na mama mmoja wa kutolewa uvimbe tumboni. Faili lake lilionyesha hajala wala kunywa tangu jana yake. Daktari wetu bingwa wa upasuaji, uko hapo mbele, usijifanye unaangalia simu, ulikuwa umeshavaa glavu. Mwanafunzi niliyekuwa naye ni yule binti wa safu ya nyuma kabisa, ambaye wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu mtihani unaisha yeye bado anarudia hesabu ya swali la sita. Akavuta stuli, akaketi mpaka macho yake yakalingana na ya mgonjwa, akaanza kumuuliza upya kila kitu. Nikamwambia, "Binti, yote hayo yameshaandikwa. Mlaze."

Akainuka. "Samahani, mama. Amekunywa chai ya maziwa asubuhi hii. Aliogopa kusema, akidhani mtamrudisha nyumbani."

Daktari akafoka kwamba ratiba imejaa. Taratibu akairudisha sindano kwenye trei. "Mimi simlazi, daktari."

Wazazi, niwaeleze. Tumbo lenye kitu na nusukaputi havikai pamoja: kilichomo hupanda kooni kikashukia kwenye mapafu, na mgonjwa aliyelala hawezi hata kukohoa. Mama yule alipasuliwa kesho yake, na alirudi kwao kwa miguu yake. Siku ile angekuwa mikononi mwangu peke yangu, sijui leo ningewaambia nini watoto wake.

Nikarudi ofisini, nikalipekua rundo la kushoto. Barua yake ilikuwa ya tatu kutoka chini. Famakolojia, yaani somo la dawa, C. Nikampigia mkufunzi wake. Akaniambia, "Maswali manne hakuyafikia. Aliyoyajibu, yote alipata." Nikaona aibu. Na baya zaidi hamjalisikia. Kesho yake Taratibu alinifuata akaniuliza kama alama zake zitamwangusha. Nikamjibu, "Tutaona." Nilikuwa nimeshaona, na nimeshamtupa! Binti yangu, nisamehe. Nakuomba radhi mbele ya mama yako.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, niliomba orodha irudishwe, ofisi yako ikanijibu kwamba zoezi limefungwa. Usaili ni Jumatatu, na Jumatatu mimi sipo. Siombi apewe kazi. Naomba aitwe. Na naomba kila atakayeitwa, kabla ya kuulizwa lolote mezani, apelekwe wodini akae na mgonjwa, nanyi mkae kando mumsikilize anavyouliza. Wenye A msinune. Mkiwa mnalijua lenu mtang'ara hukohuko.

Na wewe, Taratibu, usichekelee. Mgonjwa anayevuja damu hatakusubiri urudie hesabu mara tatu. Famakolojia utaisoma upya na mikono utaiharakisha, la sivyo nitatoka huko kwenye kustaafu nije kukufokea.

Barua yake ya maombi ni hii, imekaa kwenye mkoba wangu tangu siku ile. Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu leo na kwa miaka yote mliyonivumilia. Ila hapa jukwaani sishuki bado. Mheshimiwa, mkono wangu umenyooka uipokee, na ninahesabu hadi kumi.

Moja. Mbili. Tatu.