Viunza vya Makumbi

Kijiwe chetu cha kahawa kiko nyuma ya soko la Kilindoni, nasi hukutana hapo baada ya sala ya asri. Jana Mbaraka alikuja, akakikataa kikombe cha kahawa. Mwezi uliopita tulimzika mama yake, na kwa kuwa mbao hazikupatikana upesi, viunza vya kumfunikia kaburini vilikuwa vile vibao vya plastiki ya kuoza, iliyochanganywa na nyuzi za makumbi ya nazi, ambavyo mradi wa Bi Devotha uligawa kwa majaribio. Vingine Mwanamkuu, msokota kamba, alivifukia ufukoni, katika shimo lake la kuozeshea makumbi.

— Kaburi la mama limedidimia, Mbaraka akasema. Nimelikuta hivyo nilipotoka sala ya alfajiri.

— Si plastiki ya kuoza? Imeoza, akasema Taufiki, tuliyembandika jina la Redio. Ulitaka idumu mpaka Kiyama?

— Mbona vya Mwanamkuu kavifukua juzi vigumu vilevile? akauliza Mbaraka.

— Vyako vimeibwa, akasema Feisal, aitwaye Nanga kwa kuwa akikaa hang'oki. Mtu kaenda kuezekea banda la kuku.

— Kuku gani atalala humo? akauliza Redio.

— Basi bahari imepita chini kwa chini.

— Au majini, akasema Redio. Wamenusa nazi.

Nikamkanya asimfanyie maiti mzaha.

— Na udongo ulikuwa vuguvugu, akasema Mbaraka. Niliushika.

— Jua hilo, akasema Nanga. Mchanga hushika joto.

Mbaraka akanigeukia.

— Maalim, mama yuko salama?

Nikamwambia kwamba makaburi mengi hudidimia, alijaze udongo na tumwombee rehema. Akashusha pumzi, akapokea kikombe.

Ndipo Bi Devotha akapita, akitoka kazini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Nanga akamsimulia.

— Mlivitia kaburini?

— Si ulisema tujaribu? akajibu Redio.

Hakucheka.

— Vile haviozi upesi kwenye udongo wa baridi. Sisi tukitaka vilainike, tunavifukia ndani ya lundo la mboji linalofuka mvuke. Bila joto kali vinakaa miaka. Sasa huko chini, joto limetoka wapi?

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Nami, niliyefundisha habari za kaburi, maswali yake na adhabu yake kwa umri wangu wote, nikatafuta tasbihi mfukoni.

— Jua, akasema Nanga, kwa sauti ndogo.

Mbaraka alikuwa akikitazama kiganja chake.

— Jua lilikuwa halijatoka.