Mdakaji wa Khatibu na Benchi la Watatu

Mbele ya duka la ushonaji la Jacques, hatua chache kutoka Joubert Park, kuna benchi la mbao lililoachwa na kanisa lililohama. Linakaa watu watatu, tena wawe wamepatana. Wenye kijiwe ni wanne. Sasa badala ya kutafuta kiti cha nne, watu wazima na akili zao waliamua kukigombea hicho cha tatu kwa fantasi ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka kama papai. Unachagua kwenye simu wachezaji wa kweli walioko huko Marekani. Wakidaka mpira na kukimbia nao wikiendi, wewe huku unavuna pointi. Anayeshika mkia msimu ukiisha hakai benchini mpaka msimu mwingine uishe. Anasimama. Tangu Januari mpaka Jumamosi hii ya mwisho wa Agosti, mwenye kusimama alikuwa Khatibu, mlinzi, mtu wa Tanga, miaka hamsini na mbili na magoti mabovu. Walimpachika jina la Robot, kwa sababu hapa Johannesburg taa za barabarani ndizo robot, na yeye alikuwa akisimama pembeni pale pale zilipo. Sheria hiyo ilikuwa na mtunzi wake, ila Khatibu hakupenda kuulizwa ni nani.

Leo vikosi vilikuwa vimeshachaguliwa. Limebaki zoezi la mwisho: kila timu ichukue mdakaji mmoja mgeni, yaani kijana anayeingia ligi kuu mwaka huu kwa mara ya kwanza. Aliyeshika mkia ndiye anayeanza kuchagua. Simu humpa dakika ishirini. Zikiisha, inamchagulia yenyewe. Wageni wa maana walikuwa wawili tu, Tibbs na Rensler. Waliobaki walikuwa wa kujaza nafasi.

— Mzee, chukua Tibbs tumalize hii maneno, akasema Owuor bila kuinua macho kwenye kompyuta aliyoipakata. Owuor anafanya kazi benki, na kijiweni wanamwita Jedwali. Timu ya Tibbs, akaendelea, haina mdakaji mwingine wa maana. Atatupiwa mpira mara tisa kila mechi. Namba hazina siasa.

— Mwaka jana ulinipa namba, akasema Khatibu.

— Mwaka jana ilikuwa bahati mbaya.

— Ulinipa jedwali lina rangi tatu, bwana mdogo. Kijani, njano, nyekundu. Ukaniambia yule mtoto yuko kwenye kijani. Wiki ya pili kifundo kikavunjika, mtoto akaenda kukaa kwao na mimi nikaanza safari ya kusimama. Rangi ya kifundo ilikuwa ipi?

— Sasa kifundo ningekionaje, mzee?

— Basi usiniambie namba hazina siasa!

Upepo wa Agosti ukapita na vumbi lake, kila mtu akafunika kikombe. Kahawa ilikuwa ya Agnès, Mama Gradi, msusi wa mlango wa pili, anayekuja na chupa yake ya chai iliyojaa kahawa nyeusi ya kwao Goma na hampi mtu kikombe cha pili bila kumsema. Alimmiminia Khatibu cha kwanza. Khatibu akakipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa umeshika goti.

Jacques alikuwa na futi shingoni, kama siku zote, na hata watoto wake humwita Futi. Akamnyang'anya Owuor simu, akakuza picha ya Tibbs, akaiwekea futi juu ya kioo.

— Miye sina jedwali. Miye napima mutu. Angalia hapa: amekamata mupira. Mupira ni sentimetre makumi mbili na munane, nimeuliza. Kwa picha mupira iko mbili, mukono iko tano. Piga hesabu, Owuor, weye wa banque.

— Sabini.

— Voilà. Mukono wa sabini, kwa mutu murefu vile? Hiyo ni shati ya mikono mifupi! Mupira utapita juu yake, yeye anaangalia tu. Rensler, bon, mukono ni murefu, lakini bega inaanguka. Bega ya kuanguka haibebe koti. Haiwezi beba presha.

— Amekunja kiwiko kwenye picha, akasema Owuor.

— Nimeongeza ya kiwiko.

— Umeongeza ngapi?

— Ile ya kutosha.

Agnès akacheka, halafu akaacha ghafla, maana alikuwa na yake.

— Nyie banaume munaangalia mikono. Kichwa je? Tibbs iko na rasta nzito, kilo moja na nusu, minajua, minasuka kila siku. Weka na ile kofia juu. Mupira ukitoka nyuma, shingo itageuka saa ngapi? Papa Khatibu, usimukamate huyo. Kamata Rensler. Amenyoa.

— Wewe ndiye unayechagua baada yangu, akasema Khatibu.

— Na kisha?

— Unataka nimwache Tibbs umchukue wewe. Mama Gradi, mimi sikuzaliwa jana. Kilo moja na nusu! Uliipima kwenye mizani gani?

— Unaniita mwongo? Mimi nakupa kahawa yangu unaniita mwongo?

— Nakuita mchezaji mwenzangu.

Agnès akasonya, msonyo mrefu wa kumaliza urafiki, akafunga kifuniko cha chupa. Dakika zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Owuor alipoona hoja ya nywele inapewa nafasi sawa na jedwali lake alipandwa na hasira, na Mjaluo huyu mpole akikasirika husema lolote.

— Haya, kama ni mchezo wa kubahatisha, hata mimi niko na yangu. Tibbs ni kitinda mimba. Watoto saba, yeye wa mwisho. Mtoto wa mwisho kwa nyumba ya watoto saba amefunzwa kudaka tangu akiwa mdogo. Kipande cha nyama kikirushwa, usipodaka unalala njaa.

— Sasa hiyo ni science! Jacques akapiga paja. Lakini iko na kosa. Mutoto wa mwisho, mama yake anamufichia nyama. Hajue kupigana. Wa tatu ndiye anapigana. Rensler ni wa ngapi?

— Ni mtoto wa pekee.

— Basi huyo hajawahi kunyang'anyana na mutu! Owuor, angalia kama iko na mbwa. Mutoto wa pekee mwenye mbwa, huyo anajua kunyang'anyana.

Na Owuor, mwenye shahada mbili, akaanza kweli kutafuta mtandaoni kama Rensler alilelewa na mbwa. Khatibu aliwatazama wote watatu walivyojibana wamekaa, magoti yao yamekunjwa vizuri, migongo imeegemea ukuta wenye jua, na hasira ikampanda kutoka kwenye nyayo.

— Nani kati yenu amewahi kumwona hata mmoja akicheza?

Owuor akaacha kutafuta mbwa.

— Mimi nimemwona Rensler. Mechi zao za majaribio zinachezwa sisi walinzi tukiwa zamu ya usiku. Nimemwangalia kwenye simu, mechi tatu. Anakimbia, anamwacha beki, anafika pale alipoambiwa afike, anasimama huru kabisa, mkono juu. Mpira hauji. Unatupwa upande mwingine. Anarudi, hanung'uniki, anakimbia tena, anasimama tena, mkono juu. Mechi tatu! Kwenye jedwali lako, Owuor, ameandikwa sifuri.

— Kwa sababu amedaka sifuri, mzee.

— Kwa sababu hawamtupii!

— Fantasi haitoi pointi za kusimama, akasema Owuor.

Hakuwa na nia mbaya. Jacques akacheka kwanza, Agnès akafuatia japo alikuwa amenuna, na Owuor mwenyewe akacheka alipogundua alichosema. Khatibu akakiweka kikombe chini ya ukuta polepole, kwa sababu alijiona anataka kukirusha.

— Mnacheka. Mimi nasimama masaa kumi na mawili kwenye mlango wa watu. Nafungua, nafunga, habari za jioni, habari za asubuhi. Hakuna kiti, meneja amesema mlinzi aliyekaa amelala. Nikitoka pale nakuja hapa kwa sababu hapa ni kwetu. Hapa naitwa kwa jina la baba yangu. Sasa nikifika hapa pia nasimama, na jina mmenibadilisha, Robot, na mimi nacheka nanyi eti niwe mtu wa mzaha. Miezi minane! Goti hili likinitoka nani atanilisha, Tibbs? Nikikosea leo nasimama mwaka mwingine. Kwenu ni mchezo. Kwangu ni goti.

Jacques akavuta futi upande mmoja, halafu upande mwingine. Dakika tano.

Ndipo akafika Thérèse, mama wa Uvira anayeuza vitambaa sokoni, amekuja kujaribu gauni lake la harusi ya binti. Hakuwajua hawa zaidi ya Jacques. Akasalimia, akapita kati yao mpaka mlangoni, akachungulia ndani, akageuka.

— Samahani, ba papa. Mbona huyu baba amesimama, na ndani kuna stuli mbili za bure?

Mlangoni stuli zilionekana wazi, moja ina mafungu ya vitambaa, nyingine haina hata sindano. Zimekuwepo tangu duka lifunguliwe. Jacques alizitazama kana kwamba ameletewa leo.

— Ni sheria, akasema Owuor, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mtu akishika mkia...

— Sheria ya nani?

Owuor akamtazama Jacques. Jacques akatazama viatu vyake, halafu akaona hapana, heri aseme.

— Papa Khatibu, unisamehe. Ni weye uliiweka, ile mwaka ya Pandu.

Ilikuwa kweli. Msimu wa kwanza Khatibu ndiye aliyekuwa bingwa. Aliyeshika mkia alikuwa Pandu, Mzanzibari fundi wa simu, mnene, mcheshi, mgonjwa wa sukari, miguu inamvimba. Bingwa alipoulizwa mshindwa afanywe nini, akasema asimame, watu wakashangilia. Pandu alisimama toka Januari mpaka Julai. Siku moja ya baridi akaonyesha kule ndani kwa kidevu, akasema, "Bwana Khatibu, si kuna stuli pale?" Na Khatibu, amekaa katikati ya benchi na kikombe chake, akamjibu kwamba mshindwa hana stuli. Wakacheka. Wiki iliyofuata Pandu hakuja, wala nyingine. Wakasema amepata kazi. Agosti hiyo, mwaka jana, wakamwingiza Agnès mahali pake.

— Pandu ni nani? akauliza Agnès. Hii mahali ninakaa ni ya mutu?

Thérèse alikuwa ameshachoka kungoja. Akaingia, akabeba ile stuli tupu, akaiweka nyuma ya magoti ya Khatibu.

— Kaa, papa. Mambo ya sheria mutaongea mukiwa bote mumekaa.

Magoti ya Khatibu yaliitaka ile stuli kwa uchu wa aibu. Hakukaa. Akatoa simu mfukoni, na wote wakadhani anachagua mdakaji.

— Mzee, dakika moja, akasema Owuor. Chagua tu yeyote. Chagua Rensler wako, mimi sisemi kitu.

Khatibu alikuwa akitafuta namba. Ilikuwepo bado. Akaipiga, ikaita muda mrefu, na ilipopokewa kulikuwa na kelele za redio na mtu anaomba mkate na maziwa.

— Nani?

— Khatibu. Wa kijiweni.

Redio ikapunguzwa.

— Upo wapi siku hizi, Pandu?

— Diepsloot. Kwenye spaza, kiduka cha shemeji. Nakaa kaunta. Pandu akahesabu chenji ya mteja. Mkia kashika nani?

— Mimi.

— Wasimama?

— Nasimama. Pandu, siku ile ya stuli...

Simu ya Owuor ikalia mlio wa muda kuisha. Owuor akaangalia, akafungua mdomo aseme, Agnès akamkanyaga mguu.

— Kaa, Khatibu, akasema Pandu. Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Miye nilingoja miezi saba mmoja wenu anambie neno hilo. Nikidhani litatoka kwako. Haya, nina mteja.

Ikakatika. Khatibu akabaki na simu sikioni, akiwatazama watu wanaovuka barabara. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado ipo nzima, ila hakuna tena wa kumpa.

— Imekuchagulia Tibbs, akanong'ona Owuor. Ni mzuri, mzee. Ni mzuri sana.

Jacques akainuka, akaingia ndani kuitoa vitambaa ile stuli ya pili. Agnès akafungua chupa ammiminie Khatibu kikombe cha pili bila kumsema. Yakatoka machicha tu.

Khatibu akakaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale kwa miezi minane, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anajisikiaje.