Kasi ya Kitabuni

Omwenga alipanda mlima wa Manga na pikipiki yake, amewabeba Bonareri, anayesomea urubani, na Orpah, shangazi ya Bonareri. Macho yake yalikuwa mbele, masikio yote nyuma.

"Kitabu cha hiyo ndege unayojifunzia kinasema kilomita mia mbili kwa saa," Orpah alifoka. "Wewe unafika mia na sabini! Na nimetangazia kanisa nzima!"

"Anti, kiliandikwa ndege ikiwa mpya. Sasa injini imechoka, rangi imepakwa juu ya rangi, na vifuniko vya magurudumu vilitolewa sababu ya matope."

"Sema tu unaogopa!"

Omwenga alicheka mpaka wakayumba wote watatu. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikasimama.

Orpah akachungulia mita ya kasi, ambayo namba zake ziliishia mia na arobaini.

"Kwani na wewe Omwenga unaogopa?"