Lynnet Bosibori Maranga, Aliyeandika Majina ya Kweli

Marehemu Lynnet Bosibori Maranga alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Lambwe, kifungua mimba wa mzee Ratemo Okari na mama Nyatichi, Waadventista waliohamia bondeni humo kulima na kuuza nafaka. Alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakuficha. Fisi wakilia upande wa mbuga ya Ruma, alihamia kitanda cha mdogo wake Joyline, aliyezaliwa miaka saba baada yake, akidai amekuja kumlinda.

Alisoma sekondari Asumbi, 1994 hadi 1997, kisha akapata stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi mjini Kisumu. Tarehe 16 Desemba 2007 alifunga ndoa na Boaz Maranga hapa Migori. Boaz husema alimposa mara mbili, maana mara ya kwanza mchumba alijifungia jikoni.

Mwaka 2010 aliajiriwa kuwa afisa wa wafanyakazi katika kiwanda cha samaki karibu na Sindo. Sheria ya Ajira aliijua kwa moyo: kibarua akifanya kazi mfululizo hadi mwezi utimie, si kibarua tena, ana haki ya likizo, na haachishwi bila taarifa. Ndiyo maana kila ilipofika siku ya ishirini na tano, meneja alimwagiza ayafute kitabuni majina ya wanawake wanaopasua samaki, awaandike upya kwa majina mengine. Nyangi wa Januari akawa Pamela wa Februari. Siku aliyojaribu kukataa aliambiwa, "Hiyo kitabu ni ya kampuni, madam. Andika vile nimesema ama uende nyumbani."

Aliandika. Alikuwa na watoto shuleni, na aliogopa kufutwa kazi. Lakini aliogopa pia kuwachanganya wanawake hao, basi akatunza daftari lake dogo lenye majina yao ya kweli na siku zao zote.

Mwaka jana Nyangi alijifungua. Aliporudi kazini aliambiwa kitabu hakimjui, akaenda mahakamani. Lynnet akaitwa kutoa ushahidi. Tangu hapo watu wasiojitaja walimpigia simu, wakimuuliza watoto wake hutoka shuleni saa ngapi, na shinikizo la damu likampanda. Tarehe 28 Agosti 2025 alianguka ofisini, akalazwa Homa Bay. Alimkabidhi Joyline, ambaye ni karani katika ofisi hiyohiyo, lile daftari.

"Naogopa, Joy," alimwambia. "Lakini hawa wamama walifanya kazi. Hiyo hakuna mtu atafuta."

Aliaga dunia tarehe 3 Septemba. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio kiko hapa.

Ameacha mumewe Boaz, watoto wao Okari na Caren, mama yake Nyatichi, na mdogo wake Joyline, anayewasomea maneno haya huku meneja wake ameketi katika hema la kwanza. Programu hii ya mazishi imechelewa kuchapwa kwa sababu Joyline aliyafuta maneno yanayofuata mara mbili. Kesi itasikizwa tarehe 9 Oktoba. Daftari limekwisha kufika kwa wakili, na Joyline ameitwa kusimama mahali pa dada yake. Atakwenda.

Mungu amlaze Lynnet kwa amani. Zamu ya kuogopa sasa ni ya mdogo wake.