Mwalimu Penseli na Paka Arobaini na Watatu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwenzetu ambaye kituo kizima kinamwita Mwalimu Penseli anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Penseli yake hukaa kwenye nywele, na si mara moja wala mbili tumemwona akiisaka ofisi nzima huku iko kichwani.

Miaka kumi na tisa ya mwanzo alifundisha sanaa shuleni, katika darasa ambalo madawati yake yalijaa rangi hadi wageni wakaogopa kukaa. Kisha akahamia kwetu, kwenye kituo cha nyenzo za walimu. Alipewa meza ya pembeni, karibu na mashine ya kunakili, na kazi isiyokuwa na mwenyewe: kuanzisha ukurasa wa mtandaoni wa kuwasaidia walimu wa masomo yote kuingiza sanaa darasani. Kompyuta hakujua hata kuiwasha. Alijifunza kwa kuuliza, na wa kuulizwa nilikuwa mimi, fundi wa kompyuta. Aliuliza asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikaanza kupitia mlango wa nyuma.

Kulikuwa na sharti moja aliloling'ang'ania kama kupe. Kila somo lazima lifunguke kwenye simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka na kufungwa kwa mpira, kwa kuwa walimu wengi wana simu za namna hiyo na bando la kuungaunga. Picha niliyoiona nzuri aliirudisha: nzito, punguza. Vifaa navyo viwe vya kuokota: mkaa, udongo, majani, maua, magazeti ya zamani.

Sasa niseme ukweli, maana mficha uchi hazai. Mwaka wa tatu uongozi uliamua kufuta kurasa zisizosomwa, na orodha ya kufutwa niliiandika mimi. Wa kwake ulikuwa wa kwanza. Mwezi ule ulifunguliwa mara tisa, na mara sita kati ya hizo ni yeye mwenyewe akijaribu simu yake. Hakunigombeza. Aliomba wiki mbili tu. Lakini siku ile alikula chakula chake peke yake, ameupa mlango mgongo, nikajua imemuuma.

Alasiri hiyo alipandisha somo la kutengeneza rangi kwa udongo, majani na maua, kisha kuzipaka kwenye karatasi. Akaliita "Paka Rangi." Mwalimu mmoja wa darasa la tatu, shule ya mbali, akalifungua. Likatokea jina, yakatokea maelezo ya kutengeneza rangi, kisha bando likakata. Akalisoma jina tena, akaelewa alivyoelewa: paka, yule wa kulia nyau.

Wiki iliyofuata tulipokea picha za paka arobaini na watatu. Walikuwepo wekundu, wa manjano, na mmoja wa zambarau mwenye miguu mitano. Chini yake mwalimu aliuliza, kwa heshima zote, kama wiki ijayo ni zamu ya mbwa. Aliongeza kwamba msichana mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu mwaka uanze alisimama mwenyewe kueleza kuwa paka wake ni wa kijani kwa sababu amezidi kulala kwenye majani.

Nilikimbilia kulirekebisha jina la somo. Mwalimu Penseli, huku akifuta machozi ya kicheko, alinikataza katakata. Aliwachapisha paka wote akawabandika kwenye korido ya kwenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akapita, akarudi nyuma, akasimama, akaomba yule wa zambarau akatundikwe ofisini kwake. Habari ya kufuta haikutajwa tena. Leo ukurasa una masomo mia mbili na kumi na mawili. Walimu wa hisabati hufundishia pembe kwa kukunja magazeti, na hadi leo wapo wanaotutumia paka.

Mumewe, fundi cherehani, anafurahi kwamba mkewe anarudi nyumbani, ila ametuarifu kuwa chaki zake za kukatia nguo ameshazificha. Wajukuu wanajua zilipo.

Nafasi yake bado haijapata mtu, na wengi tulihofu kuwa ukurasa utamfuata mwenyewe. Wiki iliyopita aliniita mezani, akanikabidhi nywila. Nilijitetea kwamba sijui kuchora hata duara. Alichomoa penseli kwenye nywele, akanipa, akaniambia mdogo wangu, hujui leo, Ijumaa utakuwa unajua. Akataka paka.

Mwalimu Penseli, asante kwa wiki zile mbili ulizoomba na kwa miaka yote iliyozifuata. Tunakutakia afya, wajukuu watundu na siku ndefu za kuchora upendavyo. Ukurasa haufungwi, somo la mia mbili na kumi na tatu linapanda Jumatatu. Na kwa wote mlioniuliza tangu asubuhi, mnyama aliye kwenye jalada la programu hii ya hafla ya kumuaga si mbuzi. Ni paka, na nimemchora mimi.