Ehe-Halafu, Aliyejua Habari za Kila Mtu

Waombolezaji wenzetu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa pekee, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Ehe-Halafu, kwa neno alilowahimizia mkisimulia, na awali ya yote naomba radhi kwamba viti vya ndugu vimejaa mpaka uani, kwa kuwa kila aliyefika amedai ni ndugu, na shemeji yangu, mume wa marehemu, amesimama hapa pembeni yangu, si kwa kukosa kiti, kiti amekikataa mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi breki na mama msuka mikeka. Nawasikia wafinyanzi mkiguna, kwa kuwa ninyi aliwaambia alizaliwa kando ya tanuri lenu, na wachimba chumvi aliwaambia mama yake alishikwa na uchungu shimoni kwao, na hata mimi, niliyelelewa mbali kwa shangazi, aliniambia sisi ni wa ukoo wa wafuga nyuki, nikaamini mpaka nikaoa. Dada hakuchukua habari ya mtu bure, alitoa habari akapewa habari, na kwa kuwa zake hakupenda kuzitoa, aliazima za kijiji alichotoka jana.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akamaliza kidato cha nne mwaka 1972, na walimu wote walilalamika kwamba ukimuuliza swali anakurudishia mawili.

Tarehe 1 Machi 1975 aliajiriwa katika ofisi ya nyaraka kupanguza vumbi makabatini, na mwaka 1979 mkuu wake, alipochoka kuhojiwa, alimkabidhi kinasa sauti kizito kama pasi ya mkaa, akamwambia akawasumbue wengine. Ndipo alipokusanya masimulizi ya hao niliowataja, na ya watu wa bondeni na wa mlimani, ambao hawasemezani mpaka leo, na kila upande ulimhesabu kuwa wake.

Tarehe 12 Aprili 1983 alifunga ndoa na shemeji, fundi cherehani, ambaye alimwendea kurekodi habari za mafundi, na fundi, badala ya kujibu, akamuuliza, na wewe je, umetoka wapi, dada akaona haya, akazima mashine, akasema atamwambia siku nyingine. Shemeji aliingoja siku hiyo ndani ya ndoa karibu miaka arobaini, na kila alipokumbushia alipewa ya wafuga nyuki.

Walijaliwa binti na kijana, waliolelewa kwa upendo na mahojiano, maana ukivunja sahani hukuchapwa, uliulizwa nani mwingine alikuwepo, na je, ulijionea au ulisimuliwa.

Agosti 2020 moyo ulianza kumsumbua, na Januari 2022 alilazwa hospitali ya wilaya, ambako daktari alikuja kuuliza historia ya ugonjwa, akajikuta anasimulia ya babu yake mwenyewe, akatoka wodini akifuta machozi, presha hajapima. Hapo shemeji aliingiwa na hofu kwamba atamzika mke asiyemjua, akaleta kinasa sauti, akakiweka kitandani, akauliza tena, na wewe je? Safari hii dada akasema yote, karakana, mikeka, na siku ya msiba wa mama, mwaka 1965, ambapo msomaji wa wasifu alisema marehemu alikuwa mama wa nyumbani, akakaa, wala mikeka hakuitaja, na yeye, mtoto wa miaka kumi na mmoja, mimi nikiwa mgongoni mwake, akabaki amesimama akingoja, halafu?

Alipomaliza aliuliza kama mashine imenasa, shemeji akatazama, kumbe kitufe hakukibonyeza. Dada alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, kisha akamwambia shemeji, basi utawasimulia mwenyewe, na usikae upesi. Alifariki tarehe 3 Februari, asubuhi.

Tunamshukuru daktari, ambaye presha hatimaye alirudi kuipima, wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na watu wa bondeni na wa mlimani, ambao kwa kukosa nafasi wamebanana benchi moja. Lala kwa amani, dada, kusikiliza sasa ni kazi yetu. Karatasi yangu imeishia hapa, na mimi nakaa, lakini shemeji bado amesimama, ana mengi ambayo sikuyaandika, nasi sote tunamwambia, ehe, halafu?