Noti Moja ya Girijabai Hombal

Wasikilizaji wapendwa wa Dharwad, Hubli, Gadag na vijiji vyote ambako sauti yetu inafika, nawasalimu kwa moyo mzito. Girijabai Hombal hatunaye. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Malamaddi, akiwa na miaka themanini na mmoja. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Girijabai, mwimbaji wetu, hatunaye.

Sitawadanganya. Kipindi cha leo hakina faraja. Nimeitafuta tangu Jumanne, sijaipata.

Girijabai alizaliwa kijijini Hombal. Baba yake alikuwa akikamua mafuta ya karanga. Alipofika miaka kumi na minne alipelekwa kwa Khan Sahib Latafat, mzee mkali asiye na mtoto hata mmoja aliyetaka kuimba. Khan Sahib alimfunga uzi mwekundu wa uanafunzi mkononi. Akamlisha dengu na sukari guru, kama mila inavyotaka.

"Kuanzia leo koo lako ni langu," akamwambia. "Nikisema imba, unaimba. Nikisema nyamaza, unanyamaza hata mbele ya mfalme."

Mwaka wa kwanza alimpa noti moja tu ya kuimba. Noti moja, wasikilizaji, kutwa kucha. Mama yake alikuja kumtembelea, akasikiliza, akashika kiuno. "Mwanangu, mwaka mzima ni hiyo hiyo tu? Ng'ombe wetu angekuwa ameshahitimu!"

Alikaa kwa Khan Sahib miaka kumi na minne. Mwishoni kabisa mzee akampa Shyamrekha, raga ya ukoo wake, mpangilio wa noti ambao haukuandikwa popote. Siri yake ilikuwa mahali pamoja. Unaposhuka, noti ya sita haisimami wima. Inalegezwa kidogo, inayumba, halafu inaachwa. Hapo ndipo raga nzima inapumua. Ukiinyoosha noti hiyo, umebaki na wimbo mzuri tu.

Khan Sahib aliilinda noti hiyo kwa ujanja wa walimu wa zamani. Alipokuwa akifundisha, akisikia viatu vimesimama nje ya dirisha, aliinyoosha makusudi. Mwizi alikwenda zake na bidhaa bandia. Girijabai aliapa kufanya vivyo hivyo. Raga hii angempa mmoja tu, aliyefungwa uzi, tena akishaiva.

Mnayakumbuka maonyesho yake. Pune, Bombay, Kolkata. Na mnaukumbuka ulimi wake. Siku moja Kolkata alikatiza wimbo kwa sababu bwana mmoja wa mstari wa mbele alikuwa akitafuna karanga. "Maliza kwanza, baba," akamwambia. "Mimi na karanga zako hatuwezi kuimba pamoja." Ukumbi mzima ulimngoja yule bwana amalize. Na alimaliza, maskini, jasho linamtoka.

Girijabai naye alimfunga uzi mtu mmoja tu. Nilambika Shettar, aliyekuja akiwa na miaka kumi na saba. Alimwita mwalimu wake Akka, yaani dada mkubwa. Aliishi naye miaka tisa. Alipika mikate ya mtama, alisaga viungo, na jukwaani alikaa nyuma yake akipiga nyuzi za tanpura. Alifundishwa kila kitu. Kila kitu isipokuwa Shyamrekha.

"Akka, lini?"

"Bado."

"Nitaiva lini, Akka? Jiwe lingekuwa limeshaiva!"

"Ndiyo maana sikupi. Mdomo wako umeiva kabla ya koo."

Mwaka wa themanini na sita Nilambika alifunga mizigo yake, akahamia Pune. Hakuaga. Girijabai hakutoka chumbani.

Sasa naingia mimi, na ningependa nisiwemo. Kwa miaka mitatu nilimbembeleza Girijabai aturekodie Shyamrekha. Nilimpelekea peremende za maziwa kila sikukuu. Mwaka wa themanini na nane akakubali. Aliimba dakika arobaini hapa studioni. Mimi nilikuwa nikirukaruka nyuma ya kioo kama mwendawazimu. Nilijiona nimeiokoa raga.

Alikuwa ametunyooshea noti. Sisi ndio tulikuwa viatu nje ya dirisha.

Aliyeambiwa ukweli ni mtu mmoja tu, Sharavati, mtoto wa kaka yake, aliyekaa naye hadi mwisho. Sharavati anasema: "Shangazi alirudi nyumbani anacheka hadi machozi. Akaniambia, 'Nimewapa nyumba nzima, ila ufunguo nimebaki nao.'"

Lakini kule Pune, siku tulipoirusha hewani, Nilambika alikuwa amekaa mbele ya redio na kanda tupu. Alirekodi dakika zote arobaini. Akajifunza Shyamrekha kutoka kwetu, pumzi kwa pumzi, na noti ya sita iliyonyooka. Akaiimba kwenye kumbi kubwa. Akapigiwa makofi. Akawafundisha wanafunzi wake.

Girijabai alimsikia redioni siku moja mchana. Kwanza alicheka. Halafu chakula kikamshinda.

"Mpigie simu, Shangazi," Sharavati akamwambia. "Mwambie tu."

"Mwalimu hamfuati mwanafunzi. Atakuja mwenyewe."

Na Nilambika naye, huko aliko, alikuwa akiwaambia watu, "Aliyenifukuza kwa 'bado' ndiye atakayeniita." Hakujua kwamba kuna kosa. Ikapita miaka ishirini na miwili. Wanawake wawili wazima, wasikilizaji, mwendo wa siku moja kwa basi, kila mmoja anangoja mwenzake aanze! Nakasirika ninapolisema hili, na sitaficha.

Mwezi uliopita Girijabai alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yote yakaondoka. Nilambika alipopata habari alikuja na basi la kwanza. Alikaa kando ya kitanda, akashika tanpura, akamwimbia mwalimu wake Shyamrekha. Alidhani anampa zawadi.

Alipofika kwenye noti ya sita, mkono wa kushoto wa Girijabai ulipiga godoro. Akaimba tena. Mkono ukapiga tena, kwa nguvu zaidi. Ndipo Sharavati akamweleza.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiimba uongo?" Nilambika akauliza.

"Ulikuwa ukiimba alichokuachia Shangazi," Sharavati akamjibu. "Mimi nilijua. Nilinyamaza. Nisamehe, dada."

Wakaanza kuitafuta. Nilambika aliimba noti hiyo ikiwa chini kidogo, ikiwa chini zaidi, ikiyumba polepole, ikiyumba haraka. Akapatana na mwalimu wake ishara. Mkono juu ni ndiyo. Kupiga godoro ni hapana. Siku ya nne mkono ulipanda juu. Nilambika alilia, akakimbia kugawa peremende kwa majirani.

Asubuhi iliyofuata aliiimba noti ile ile. Mkono ukapiga godoro.

Siku nyingine mkono ulikubali ulichokikataa jana, na jioni ukakataa ulichokikubali asubuhi. Daktari akawaeleza. Mgonjwa anasikia, na anajua anachokitaka. Ila ndani yake ndiyo na hapana zimechanganyika, akituma hii inatoka ile. Girijabai mwenyewe aliliona hilo. Sharavati anasema alikuwa akiutazama mkono wake kwa chuki.

Walijaribu siku kumi na tisa. Jumatatu Girijabai alifungua mdomo ili aimbe mwenyewe. Ikatoka pumzi. Jumanne asubuhi akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, siku kama ya leo huwa tunawapigia sauti ya marehemu. Nilambika alinipigia simu jana. "Ile kanda mnayo bado?" Nikamwambia tunayo. "Msiipige, tafadhali. Nina wanafunzi ishirini na wawili niliowafundisha vibaya, na wao wana wanafunzi wao." Nikamwuliza sasa atawaambia nini. Akakata simu. Kanda hatutaipiga.

Kwa Sharavati, kwa jamaa wote wa Hombal, na kwa Nilambika, ambaye ni mfiwa kuliko wengi wetu, tunawapa pole nyingi. Mungu awape nguvu. Na wewe unayesikiliza, kama kuna kitu umemwekea mtu mpaka aive, kitafakari leo. Mpe akiwa mbichi hivyo hivyo.

Kabla sijaja studioni nilipita Malamaddi. Nilimwuliza Sharavati kama shangazi yake aliwahi kuiimba Shyamrekha ya kweli akiwa nyumbani.

"Kila asubuhi," akasema. "Jikoni, akichambua mchele. Miaka thelathini."

"Basi umeisikia!"

"Nimeisikia, kaka. Nilikuwa nasugua masufuria. Nilikuwa namwambia apunguze sauti."